Tuwatazame Kabla ya Kuwaua

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumeizoea katika hotuba za wanasiasa na katika mitihani ya Kiswahili, ambapo mwanafunzi hutarajiwa kueleza jinsi mtu wa karibu awezavyo kukudhuru. Ni nadra mno kumsikia mwalimu akiwarejesha wanafunzi kwenye maana yake ya kwanza, yaani maana ya chawa aliyejibanza katika pindo la vazi. Waliotunga methali hiyo walikuwa watu wenye macho. Waliwatazama viumbe wadogo walioishi nao, wakawajua kwa tabia zao, kisha wakachuma hekima humo. Sisi wa leo tumeirithi methali, lakini macho yale hatukuyarithi.

Katika nyumba zetu tunaishi na halaiki ya viumbe ambao hatuwajui. Buibui yuko pembeni mwa dari, mbu yuko nyuma ya pazia, mende yuko chini ya jiko, na nondo anaizunguka taa. Wote hao tumewatia katika kapu moja la "wadudu", na hukumu yao ni moja: ufagio, kandambili au mkebe wa dawa ya kupuliza. Hoja yangu leo ni kwamba hukumu hiyo hutolewa kabla ya kusikilizwa kwa ushahidi, na kwamba kamera, hata ile ndogo iliyomo katika simu ya mkononi, yaweza kutuletea ushahidi huo. Upigaji picha wa karibu, ambao wengi huuona kuwa mchezo wa matajiri, ni somo linalostahili nafasi katika madarasa yetu.

Nchi yetu ni miongoni mwa nchi ambazo wanyama wake hupigwa picha nyingi duniani. Kila msimu watalii hufika Maasai Mara wakiwa na lenzi ndefu mithili ya mizinga, wakiwawinda kwa kamera simba, ndovu, kifaru, nyati na chui. Picha hizo tumezizoea kwenye noti, kwenye kalenda na kwenye vitabu vya shule. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Kisumu au wa Mathare aweza kumchora simba ambaye hajawahi kumwona kwa macho yake, ilhali hawezi kukwambia buibui wa ukutani kwao ana macho mangapi. Tumefunzwa kwamba mnyama wa kustahili picha ni yule aliye mbali na aliye mkubwa. Aliye karibu na mdogo hana thamani.

Wanaoijua historia ya sayansi watakumbuka kwamba mwaka 1665, Mwingereza Robert Hooke alichapisha mjini London kitabu kiitwacho Micrographia. Alikuwa ametazama vitu vidogo kwa hadubini na kuvichora vilivyo. Kati ya michoro iliyowashangaza watu ni ule wa kiroboto na ule wa chawa, wadudu ambao kila msomaji wake, awe lodi au mtumishi, aliwajua kwa kuumwa tu. Hooke hakwenda nchi za mbali kutafuta maajabu. Aliyapata kitandani. Kazi aliyoifanya yeye kwa kalamu na wino ndiyo ifanywayo leo na mpiga picha wa karibu.

Na kazi hiyo hufanywaje? Mafundi wa kamera husema kwamba picha ni ya karibu kwa maana halisi pale taswira inayoangukia kwenye kihisi cha kamera inapokuwa na ukubwa sawa na kiumbe chenyewe. Buibui wa milimita 5 hupata milimita 5 za nafasi, na picha hiyo ikichapishwa kwenye karatasi pana, kila unywele wa miguu yake huonekana. Ugumu wake ni kwamba kadiri unavyomkaribia kiumbe, ndivyo sehemu iliyo dhahiri katika picha inavyozidi kuwa nyembamba. Macho yakiwa wazi, miguu ya nyuma huwa ukungu. Kwa sababu hiyo wapiga picha hodari huyalenga macho kwanza, au hupiga picha nyingi kwa mfululizo, wakisogeza umakini kidogo kidogo, kisha wakaziunganisha kwa kompyuta ziwe picha moja iliyo wazi kutoka kichwani hadi mkiani. Tatizo la pili ni nuru. Kiumbe mdogo hufunikwa na kivuli cha kamera yenyewe, na taa ya mmweko ikimwangukia moja kwa moja humng'arisha kupita kiasi. Dawa yake ni rahisi: kipande cha karatasi nyeupe kikiwekwa mbele ya taa hulainisha nuru hiyo ikawa kama ya asubuhi yenye mawingu.

Mimi nilisomea lugha, si elimu ya viumbe, na vifaa vyangu ni haba. Nina simu ya kawaida na kijilenzi cha kubana juu ya jicho la simu, ambacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya simu yenyewe. Asiyekuwa nacho aweza kutumia lenzi iliyotolewa katika kifaa kibovu cha kuchezea diski, au hata tone dogo la maji lililowekwa kwa uangalifu juu ya jicho la simu. Tone hilo, kwa umbo lake la mviringo, hukuza kama lenzi. Mwanafunzi wa fizikia aliyechoka kuchora miale ya nuru daftarini atafurahi kuona kwamba kanuni ile ile inafanya kazi mbele yake.

Kwa vifaa hivyo nimekuwa nikitazama kuta za nyumba yangu hapa Kisumu. Kiumbe aliyenivutia kuliko wote ni buibui mdogo ambaye hatandi utando wa kunasia windo. Huwinda kama paka: hutazama, hunyemelea, kisha huruka. Wataalamu humweka katika jamii iitwayo Salticidae, yenye spishi zaidi ya 6,000 duniani, ilhali spishi za buibui wote zilizokwisha kuelezwa zimepita 50,000. Buibui huyu mrukaji ana macho manane. Mawili ya mbele ni makubwa na meusi, na humtazama mpiga picha waziwazi kana kwamba naye anampiga picha. Nyuma ya kila jicho la mbele mna mfereji, na mwishoni mwa mfereji huo mna sehemu ya kupokea nuru ambayo buibui huisogeza huku na huko pasipo kukigeuza kichwa. Kabla ya kuruka, hubandika uzi wa hariri pale alipo, ili akikosea asianguke hadi sakafuni. Msukumo wa kuruka hautokani na misuli mikubwa kama ya panzi, bali na shinikizo la umajimaji wa mwili unaosukumwa miguuni kwa ghafla.

Siku moja niliichapisha picha ya uso wa buibui huyo kwenye karatasi kubwa nikaipeleka darasani bila maelezo. Nilitaka wanafunzi wa kidato cha pili waandike insha ya maelezo juu ya kile walichokiona. Mmoja aliandika kwamba ni bundi. Mwingine alisema ni kinyago cha ngoma, na wa tatu akaona dubu mwenye manyoya. Nilipowaambia kwamba ni buibui wa ukutani, darasa lilinyamaza. Kisha msichana mmoja aliyeketi nyuma akauliza, "Mwalimu, kumbe hawa ndio sisi huwapiga na viatu?" Sikuwa na jibu bora kuliko swali lake. Insha zilizoandikwa baada ya swali hilo zilikuwa na vivumishi zaidi, tashbihi zaidi na, kubwa kuliko yote, utazamaji zaidi.

Swali la msichana yule lina uzito wa pekee kwetu tunaokaa kando ya Ziwa Viktoria, kwa kuwa katika eneo hili mna buibui mrukaji ambaye sifa zake zimevuka mipaka ya nchi. Jina lake la kisayansi ni Evarcha culicivora, na alielezwa rasmi mwaka 2003. Anajulikana kutoka Kenya na Uganda, kandokando ya ziwa hili, na hupatikana kwenye kuta za nyumba na katika mimea iliyo karibu nazo. Urefu wake ni kama milimita 5, na akikomaa uso wake huwa mwekundu. Mwaka 2005 watafiti Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika kituo cha Mbita cha shirika la icipe, lile shirika la utafiti wa wadudu lililoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo. Walionyesha kwamba buibui huyu, akipewa nafasi ya kuchagua, humpendelea mbu wa kike aliyeshiba damu kuliko windo jingine lolote. Yeye mwenyewe hana uwezo wa kutoboa ngozi ya mtu na kunyonya. Hulipata tone la damu kwa kumla aliyelinyonya.

Uchunguzi uliofuata ulifichua mengine. Mwaka 2011 Fiona Cross na Jackson walieleza kwamba buibui hawa huvutwa na harufu ya binadamu, na ushahidi waliupata kwa kutumia soksi zilizokwisha kuvaliwa. Kwa maneno mengine, harufu ya miguu yetu ambayo huwaita mbu humwita pia mwindaji wa mbu. Na mbu anayependelewa hasa ni wa jamii ya Anopheles, ile inayoeneza malaria. Simdai buibui kwamba atatuondolea malaria. Vyandarua, dawa na chanjo zina kazi zao, na hakuna buibui atakayezichukua. Ninachodai ni kwamba mtu anayemponda kiumbe huyu kwa kiatu, kisha akajifunika chandarua akilalamika juu ya mbu, anafaa angalau ajue amemponda nani.

Kamera haimsaidii rafiki peke yake. Inamfichua adui pia. Chukua mbu wenyewe. Kwa jicho tupu, mbu ni mbu. Katika picha ya karibu, mwanafunzi ataona kwamba mbu wa Anopheles anapotua ukutani huinua sehemu ya nyuma ya mwili, akawa mshazari, ilhali yule wa Culex hukaa sambamba na ukuta. Ataona kwamba Aedes ana mabaka meupe kwenye miguu myeusi. Akisogea karibu zaidi ataona vipapasio viwili vya kichwani: vikiwa na manyoya mengi kama unyoya wa ndege, huyo ni dume, naye haumi mtu. Vikiwa na vinyweleo vichache, huyo ni jike. Darasa likikusanya picha 20 za mbu kutoka nyumba 20, lina takwimu zake lenyewe za kujadili, na mwalimu wa hisabati hatakosa la kufundisha.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya watoto. Nitamjibu kwa kisa cha Madagaska. Mwaka 2020, picha ya kiluwiluwi cha mbu ilipigwa nchini humo kwa simu na kutumwa kupitia programu ya GLOBE Observer, ambayo huwakaribisha raia wa kawaida kusaidia sayansi. Mwaka 2023 wanasayansi walioichunguza walitangaza kwamba yamkini ilikuwa ya Anopheles stephensi, mbu wa malaria mwenye asili ya Asia ambaye huzaana hata katika matangi na vyombo vya maji mijini. Mbu huyo alikuwa ameshaonekana Jibuti mwaka 2012 na Uhabeshi mwaka 2016, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba amepatikana Kenya katika kaunti ya Marsabit. Picha moja haitoshi kuthibitisha, maana utambuzi wa uhakika hufanyika maabarani. Lakini picha moja yatosha kumfanya mtaalamu ainue kichwa na kuuliza: hii imepigwa wapi?

Tumfikirie pia yule mbawakawa mwembamba ambaye Wakenya wamempachika jina la jiji la Nairobi. Wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 alizagaa sana, na watu wengi walipata malengelenge ya ngozi na macho yaliyovimba. Wengi waliamini kwamba ameuma. La hasha. Mdudu huyu wa jamii ya Paederus haumi wala hachomi. Mwilini mwake mna sumu iitwayo pederini, nayo humfikia mtu pale anapompondea mdudu kwenye ngozi yake. Aliyejeruhiwa kwa hakika alijijeruhi kwa kiganja chake mwenyewe. Mtoto aliyeiona picha yake ya karibu, yenye kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa na vibawa vifupi vya buluu inayometa, hatamsahau. Akimwona shingoni mwa mwenziwe atampuliza au atamwongoza juu ya karatasi, kisha atamshauri mwenziwe kunawa kwa sabuni. Hapo picha imefanya kazi ya daktari.

Na kwa kuwa haki inataka pande zote zisikilizwe, niseme kwamba si kila buibui ni mwema wa kuguswa. Walio wengi mno majumbani hawana madhara kwa binadamu, lakini wapo wa jamii ya Latrodectus ambao sumu yao haifai kufanyiwa mzaha. Mmoja wao, aliye wa hudhurungi, hupenda kujificha chini ya viti na katika pembe za vibanda. Tumboni kwa upande wa chini ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu yenye umbo la shisha ya mchanga, na vifuko vyake vya mayai vina vijimwiba pande zote. Alama hizo mbili huonekana vyema katika picha kuliko kwa macho ya mtu aliyejawa na hofu. Mwenye kuzijua huogopa anachostahili kukiogopa, na huacha kuogopa kila kitu.

Mimi kama mwalimu wa lugha ninayo sababu nyingine ya kuipigia debe kazi hii. Kiswahili kina utajiri wa majina ya viumbe wadogo: sisimizi, siafu, mchwa, kumbikumbi, nyigu, chenene, nyenje, kereng'ende, kivunjajungu. Lakini majina hayo yanatoweka vinywani mwa wanafunzi wetu, na mahali pake panashikwa na neno moja tu, "mdudu". Kwa upande mwingine, buibui wetu wote, watandao na warukao, wenye miguu mirefu kama nyuzi na walio bapa kama sarafu, wanaitwa kwa jina moja ambalo pia ni jina la vazi jeusi la akina mama wa pwani. Jina halizaliwi mpaka mtu atofautishe, na hatofautishi mpaka atazame. Wako buibui wa jamii ya Myrmarachne wanaofanana na sisimizi hata wakainua miguu ya mbele mithili ya vipapasio. Wanafunzi watakaowagundua katika picha kwa kuhesabu miguu minane badala ya sita watataka wenyewe kuwapa jina. Wapeni nafasi hiyo, walimu wenzangu. Istilahi zikizaliwa darasani huishi kuliko zile zinazozaliwa kamatini.

Najua vikwazo vilivyopo. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kumiliki simu, na sababu zake zinaeleweka. Hata hivyo, simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima, na picha moja iliyochapishwa hudumu ukutani miaka. Walimu wamelemewa na kazi, nami ni mmoja wao. Lakini mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kuanzia madarasa ya chini mwaka 2019, unadai mwanafunzi atende na achunguze. Mara nyingi tumeitafsiri amri hiyo kwa kuwatuma wazazi madukani kununua vifaa vya miradi. Buibui hanunuliwi. Yuko darini, anangoja mradi.

Kwa yule atakayeanza, nina nasaha chache. Toka asubuhi na mapema, kwa kuwa baridi huwafanya wadudu kuwa wazito wa mwendo. Inama hadi usawa wa macho ya kiumbe, maana picha ipigwayo kutoka juu huonyesha mgongo tu. Sogea polepole, na kivuli chako kisimwangukie. Usimtie katika jokofu wala usimuue ili atulie, kwa kuwa picha ya maiti haifundishi mwendo wala tabia. Andika tarehe, saa na mahali. Ukitaka kumjua kwa jina, picha yaweza kuwekwa katika programu ya iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, ambapo wajuzi wa nchi mbalimbali husaidia kutambua viumbe. Usivunjike moyo wakikujibu kwamba hawawezi kusema ni spishi ipi. Buibui wengi hawatambulikani kwa hakika bila hadubini, na kuujua mpaka wa ushahidi wako ni sehemu ya elimu.

Mwaka 2017 watafiti Martin Nyffeler na Klaus Birkhofer walikadiria kwamba buibui wa dunia nzima hula kati ya tani milioni 400 na milioni 800 za windo kila mwaka, na sehemu kubwa ya windo hilo ni wadudu. Kazi hiyo hufanyika bila mshahara, mashambani, misituni na majumbani mwetu. Simwombi mtu yeyote aache nyumba yake ifunikwe na utandabui, wala sisemi mende akaribishwe mezani. Usafi ni usafi. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuinua ufagio, mwanafunzi aulize huyu ni nani, anakula nini, na ananidhuru au ananifaa? Akiyajibu maswali hayo kwa ushahidi alioupiga picha mwenyewe, basi hata akiamua kuua, atakuwa ameamua kama mtu aliyesoma.